Kiota cha nyigu ardhini kando ya nyumba: tufanye nini?

Mama Baraka (Lexington, Kentucky)

Ndugu zangu, salaam. Tunaishi katika nyumba ya kupanga hapa Lexington. Kando ya ukuta wa upande wa jikoni, karibu kabisa na njia wanayopita watoto wakienda kupanda basi la shule, kuna shimo dogo ardhini ambamo nyigu wenye milia ya njano na nyeusi huingia na kutoka tangu asubuhi hadi jua linapozama. Hatukujua kwamba lipo mpaka baba Baraka alipopitisha mashine ya kukatia nyasi karibu nalo Jumamosi iliyopita. Walimtokea kwa wingi, wakamdunga miguuni na mmoja shingoni. Mahali alipodungwa palivimba, jambo ambalo halikutushangaza, lakini muda mfupi baadaye alitokwa na mapele ya kuwasha tumboni na mikononi, akasema kichwa kinamzunguka, akajilaza sakafuni. Tulimpa kidonge cha mzio tulichokuwa nacho, na kufikia jioni akawa hajambo.

Ninaomba ushauri kuhusu kiota hicho. Jirani mmoja amependekeza tumwage petroli ndani ya shimo, na mwingine anasema tulizibe kwa mawe na udongo mpaka wafe. Mwenye nyumba bado hajajibu ujumbe wetu. Mtoto wetu mdogo ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na ninaogopa hata kumtoa nje.

Muuguzi wa Zamu (Louisville)

Mama Baraka, poleni sana, na umpe pole baba Baraka. Umeuliza kuhusu kiota, na naamini wapo humu watakaokujibu vizuri, lakini mimi nimesimama kwenye maneno yako kuhusu mapele na kizunguzungu, kwa sababu hayo ndiyo yanayohitaji kushughulikiwa kwanza.

Uvimbe wa mahali palipodungwa, hata ukipanda kutoka kifundo cha mguu hadi karibu na goti, ukazidi siku ya pili na kukaa wiki nzima, unasumbua lakini mara nyingi hauhatarishi maisha. Mapele yanayotokea sehemu ambazo nyigu hakuzigusa, yakifuatana na kizunguzungu, ni jambo jingine kabisa: yanaonyesha kwamba mwili mzima uliikataa sumu ile, na kizunguzungu kinaweza kuwa dalili kwamba shinikizo la damu lilishuka. Mtu aliyepatwa na hali hiyo akidungwa tena anaweza kupatwa nayo kwa ukali zaidi, na safari hiyo kidonge cha mzio hakitamtosha. Kidonge hupunguza muwasho na mapele. Hakifungui koo lililovimba wala hakipandishi shinikizo la damu. Dawa inayofanya kazi hiyo ni adrenalini.

Kwa hiyo, mpigie daktari wake leo, asisubiri kwa sababu tu anajisikia mzima. Amweleze mambo yote kwa utaratibu uleule uliotuandikia, aombe kuandikiwa sindano ya adrenalini ya kujichoma mwenyewe, na aombe rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya mzio. Kama anatumia dawa za presha, azitaje kwa majina, kwa kuwa zipo zinazoweza kuifanya adrenalini isifanye kazi ipasavyo, lakini asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Bingwa anaweza kutaka vipimo virudiwe baada ya wiki kadhaa, kwa sababu vipimo vya ngozi na damu vinavyofanywa mapema mno baada ya kudungwa wakati mwingine havionyeshi mzio uliopo. Ukithibitishwa, kuna tiba ya kumzoesha mgonjwa sumu hiyo kwa sindano za kiasi kidogo kinachoongezwa polepole, ambayo kwa kawaida huendelea kwa miaka 3 hadi 5. Ni safari ndefu, lakini huwakinga walio wengi, na mimi huihimiza kila ninapopata nafasi.

Sindano ikishapatikana, ninyi nyote nyumbani jifunzeni kuitumia. Huchomwa kwenye paja, upande wa nje, na inaweza kupita juu ya suruali. Ya mtu mzima huwa na miligramu 0.3. Dalili za kuitumia bila kusitasita ni kupumua kwa shida au kwa mlio kama wa mluzi, sauti kukwaruza, ulimi au midomo kuvimba, kutapika mfululizo, mapele mwili mzima pamoja na kizunguzungu, au kuzimia. Mkishamchoma, pigeni 911, namba ya dharura, mlazeni chali na miguu iinuliwe, wala msimruhusu asimame ghafla. Akiwa anapumua kwa shida, mwacheni aketi. Hali isipobadilika ndani ya dakika 5 hadi 15 na mnayo sindano ya pili, mchomeni. Hospitali ni lazima hata akipata nafuu, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Fundi Bustani (Columbus, Ohio)

Ninaunga mkono kila neno la Muuguzi, na ninaongeza hili: baba Baraka asikaribie shimo hilo kwa namna yoyote mpaka limalizwe, na mtu wa kulimaliza asiwe yeye.

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, na kuanzia mwisho wa Julai hadi Oktoba sianzi kukata nyasi kabla ya kuzunguka uwanja mzima kwa miguu nikitazama chini. Nyigu hawa hawachimbi shimo lao tangu mwanzo. Malkia hupitisha baridi peke yake akiwa amejificha, kisha majira ya kuchipua hutafuta tundu lililoachwa na panya au uwazi chini ya mizizi, na humo hujenga masega kwa karatasi anayoitengeneza kwa kutafuna mti. Watenda kazi wa kwanza ni wachache, ndiyo maana hamkuwaona mwezi wa Mei. Kufikia Agosti na Septemba kiota kimoja kinaweza kuwa na maelfu. Mtikisiko wa mashine huwafanya waone kwamba wamevamiwa, na nyigu mmoja akipondwa karibu na mlango, harufu inayotoka kwenye sumu yake huwaita wenzake.

Petroli naikataa kwa nguvu zote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya, na kiota chenu kipo ubavuni mwa nyumba, upande wa jikoni. Cheche moja inatosha. Hata isipowaka, huingia katika udongo ambao mtoto wenu ataukalia, na inaweza kufika kwenye maji ya chini ya ardhi. Kuziba tundu nako hakuwaui. Watachimba njia nyingine, na kwa kiota kilicho karibu na ukuta, njia hiyo inaweza kutokea ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyohiyo, mtu akiona nyigu wakiingia katika ufa wa ukuta, asiuzibe kabla kiota hakijauawa.

Kinachofanya kazi ni dawa ya unga iliyosajiliwa kwa viota vya ardhini, kama zile zenye permethrini au deltamethrini. Unga hupulizwa mlangoni, nyigu anapopita humganda mwilini, naye huupeleka mpaka kwenye masega. Makopo yanayorusha dawa mbali yanafaa kwa viota vinavyoning'inia. Ardhini dawa hiyo mara nyingi haifiki kwenye kiota, kwa sababu njia huwa imepinda. Kazi hufanywa usiku, wakati wote wamerudi na kumepoa. Mlango unapaswa kuwa umekwisha kutambuliwa mchana, kwa kutazama kutoka mbali, na kuwekewa alama. Anayeifanya huvaa nguo nene na ndefu zilizofungwa vifundoni, kifuniko cha uso na glavu, haelekezi tochi nyeupe shimoni, kwa kuwa nyigu huufuata mwanga, bali huifunika kwa karatasi nyekundu, rangi ambayo hawaioni vizuri. Hupuliza unga, huondoka bila kuziba, na kesho yake hutazama kwa mbali. Wakiendelea kupita baada ya siku mbili tatu, hurudia. Maelezo ya kwenye kopo yafuatwe kama yalivyoandikwa, na watoto wasifike hapo.

Nimeeleza haya ili mjue kazi inavyopaswa kufanywa, lakini kwa nyumba yenye mtu mwenye mzio na mtoto mchanga, ushauri wangu ni kuwaita watu wenye leseni ya kuua wadudu.

Mkulima wa Mboga (Portland, Maine)

Naomba nitoe maoni tofauti kidogo, bila kupinga yaliyosemwa kuhusu afya. Si kila shimo lenye nyigu linastahili sumu. Nyigu hawa hukamata viwavi na nzi kuwalisha majana, yaani watoto wao wachanga walio kwenye masega, na katika shamba langu dogo la mchicha na sukumawiki naiona faida yao. Kiota kilicho mbali na njia, mwisho wa uwanja, mimi hukizungushia kamba, na hakuna mtu anayekisogelea. Baridi kali inapoingia, watenda kazi wote hufa pamoja na malkia wa zamani. Malkia wapya waliokwisha kupandwa hutawanyika kujificha, na kwa kawaida kiota hicho hakitumiki tena mwaka unaofuata. Wakati mwingine hata baridi haisubiriwi: mnyama anayefanana na kicheche, yule anayenuka, hufukua kiota usiku na kula majana wote.

Vilevile, watu wasichanganye. Ukiona majira ya kuchipua vishimo vingi vidogovidogo, kila kimoja na kichuguu chake cha udongo laini, hao mara nyingi ni nyuki wapweke wa ardhini, ni wapole sana, na huondoka baada ya wiki chache. Nyigu wa jamii hutumia mlango mmoja wenye msongamano usiokoma.

Kwa Mama Baraka, hata hivyo, sisemi asubiri. Huko kwao baridi ya kuua nyigu haitafika kabla ya mwisho wa Oktoba au Novemba, na njia ya watoto haiwezi kufungwa muda wote huo.

Tabibu (Morogoro)

Nafuatilia nikiwa Tanzania. Nyigu hawa wa milia ya njano ni wa nchi za baridi. Huku kwetu wanaotusumbua ni nyigu wanaoning'iniza viota chini ya paa na darini, na shimo la kichuguu linalotoa wadudu wengi mara nyingi ni la nyuki, ambao hupaswa kuondolewa na mfugaji nyuki. Nawaomba ndugu mnaosoma kutoka huku msichome viota kwa mienge, hasa kwenye nyumba za makuti. Na msimtibu mwenye shida ya kupumua kwa kitunguu au mafuta ya taa. Sindano za kujichoma huku ni adimu, lakini adrenalini ya kichupa ipo katika dawa muhimu za vituo vya afya, na mhudumu huichoma kwenye msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Mgonjwa apelekwe moja kwa moja.

Mama Baraka

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Baba Baraka amepata nafasi ya kumwona daktari kesho asubuhi, na nimemsomea maneno ya Muuguzi yote. Mwenye nyumba amejibu kwa simu kwamba tununue kopo la dawa dukani tupulize wenyewe. Je, tuna haki ya kukataa? Na watoto wakidungwa wakiwa njiani, nifanye nini kwanza?

Fundi Bustani

Mwandikieni, msiishie kwenye simu. Elezeni kwa barua pepe mahali kiota kilipo, tarehe mliyomwarifu, na kwamba mkaaji wa nyumba alipata mzio wa mwili mzima. Ambatisheni picha iliyopigwa kwa mbali. Someni mkataba wenu unasema nini kuhusu wadudu. Lexington ni miongoni mwa miji ya Kentucky iliyoikubali sheria ya jimbo ya wapangaji na wenye nyumba, ambayo inamtaka mwenye nyumba aiweke nyumba katika hali ya kufaa kukaliwa, na ofisi za msaada wa kisheria zinaweza kuwaeleza jinsi inavyohusu jambo lenu. Wakati mnasubiri, wekeni vigingi na kamba mbali kidogo na shimo, wapitisheni watoto mlango wa upande mwingine, na nyasi za upande huo zisikatwe.

Muuguzi wa Zamu

Kuhusu watoto, jambo la kwanza ni kuondoka. Wafundishe kukimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari wakiwa wamefunika uso, bila kupunga mikono wala kusimama kuwaponda. Nyigu haachi mwiba wake kama nyuki, kwa hiyo anaweza kudunga mara nyingi. Ukikuta mwiba, basi aliyemdunga alikuwa nyuki. Utoe upesi kwa njia yoyote, kwa kuwa unaendelea kusukuma sumu.

Mkiwa ndani, vua pete au bangili kabla ya uvimbe, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hivi, kisha pumzisha na urudie. Dawa ya mzio kama setirizini na ya maumivu kama parasetamoli zinafaa, kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto. Mtazame kwa makini katika saa ya kwanza, kwa kuwa mzio mkali mara nyingi hujitokeza mapema.

Nenda hospitali bila kusubiri dalili kama amedungwa mdomoni au kooni, au kama amedungwa mara nyingi, kwani sumu ikizidi huweza kudhuru misuli na figo hata kwa asiye na mzio, na mtoto mdogo huzidiwa haraka. Kwa maswali yasiyo ya dharura, kituo cha sumu cha Marekani hupokea simu usiku na mchana kwa namba 1-800-222-1222, na unaweza kuomba mkalimani.

Mwisho, msimu huu majana hupungua kiotani, na kwa kuwa watenda kazi huramba majimaji matamu yanayotoka kwa majana hao, sasa hutafuta utamu kwingine. Watoto wasinywe soda nje kutoka kwenye kopo, kwa sababu nyigu huingia ndani bila kuonekana. Wape kikombe kinachoonyesha ndani, chenye kifuniko na mrija.