Mrejesho: mchicha na kotmiri za dirishani
Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini mchicha wangu wa kwenye ndoo unarefuka mwembamba kama uzi halafu unalala, nakaa ghorofa ya tatu Sinza sina uwanja. Asanteni sana, kwa kweli mlinisaidia. Nilitoboa ndoo chini kwa msumari wa moto, nikachanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza vizuri, nikazisogeza dirisha la mashariki, na maji namwagia pale tu nikichomeka kidole nikakuta pakavu. Mchicha umekubali! Wiki ya nne nimechuma wa kwanza, majani mapana, nimekata juu tu na unachipua tena. Kotmiri nilipasua mbegu kwa kuzibingirishia chupa kama mlivyosema, zikatoka siku ya tisa, ukigusa jani harufu inabaki vidoleni. Nyanya ndo imegoma, maua yote yamedondoka, naona jua la asubuhi peke yake haliitoshi, nimempa jirani wa chini mwenye uwanja. Na dada uliyesema nipulize maji ya sabuni kwa wale wadudu weupe wa kwenye majani, wamepungua ila hawajaisha, bado napuliza chini ya majani kila jioni.