Mliopiga hesabu ya advansi (PCM, PGM, EGM) tupeane uzoefu, mlikuwa mnarivaizi vipi?

Kibatari
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko fom siksi PCM (fizikia, kemia, hesabu), Mei anakaa na mtihani wa taifa wa NECTA, fizikia na kemia anasogea ila hesabu ndo inamtoa jasho. Anakesha, tuisheni anaenda, madaftari yamejaa, lakini kila testi anarudi na S (gredi ya juu kidogo tu ya F), akijitahidi sana E, yaani ile msuli tembo matokeo sisimizi. Naomba msiniandikie "asome kwa bidii" maana bidii anayo, kila mtu aseme yeye mwenyewe alifanyaje.

Ngosha wa PCM
Mwambie aache kusoma hesabu kwa macho. Bwenini kwetu kulikuwa na jamaa wanakaa na solusheni za past pepa wanapitia mstari kwa mstari wanatikisa kichwa, "eeh hapa kaweka t sawa na tan ya nusu x, sawa", ukimfunikia karatasi ukampa swali lilelile hajui aanzie wapi. Mimi nilikuwa naangalia solusheni mara moja, nafunga, naenda prepo na karatasi nyeupe nalipiga mpaka jibu, nikikwama natazama ule mstari tu niliokwama halafu nafunga tena. Baada ya siku kadhaa narudia lilelile bila kuangalia kitu. Na kwenye integresheni nilikuwa na zoezi jingine, nachukua maswali mengi kwa mpigo, simalizi hata moja, nasema tu hili ni la bai pati, hili livunje kwa pasho frakshoni, hili badilisha kigezo. Maana kwenye pepa ukishajua njia ya kuingilia kazi inayobaki ni ya mkono.

Sista EGM
Naongeza, huyo dogo je anaijua pepa yenyewe ilivyokaa?? Wengi hawaijui. Enzi zetu pepa 1 maswali 10 yote lazima, maksi 10 kila moja, masaa matatu, maana yake dakika 18 kwa swali, hakuna muda wa kumbembeleza swali. Pepa 2 seksheni A maswali manne ya lazima ya maksi 15 (probabiliti, lojiki, vekta, kompleksi namba), B unachagua mawili kati ya manne (aljebra, trigo, difrensho ikwesheni, koodineti za pili), 20 kila moja. Sisi wa EGM (uchumi, jiografia, hesabu) tunajijua fizikia hatuna, kwahiyo vekta na integresheni zinatutisha, basi mimi nilianza na kalkuleta, linea programing, takwimu, seti na lojiki nikazishika mpaka siwezi kupoteza maksi kizembe. Watu wa PCM wanazidharau hizo topiki wanaziita za kina EGM, wanakimbilia haipabolika (zile fankisheni za cosh na sinh), halafu maksi 10 za kubonyeza kalkuleta wanaziacha mezani 😂

Mwl wa Zamu
Mimi nafundisha hili somo. Kibatari, kabla hajaongeza masaa ya kukesha mwambie atoe testi zake zote za nyuma, pembeni ya kila swali alilokosa aandike kwanini: sikuijua njia, niliijua nikaisahau, nilikosea alama, au muda uliisha. Akimaliza utaona mwenyewe, kuna watoto wanaenda tuisheni kufundishwa upya kitu wanachokijua wakati tatizo lao ni alama za kutoa. Mfano haipabolika, anakumbuka cos²x + sin²x = 1 ila akija kwenye cosh na sinh anasahau kwamba penye sinh mbili zilizozidishana alama inageuka, inakuwa cosh²x − sinh²x = 1, basi swali zima linaenda hivyohivyo. Au yuko kwenye nyumeriko anatafuta mzizi wa x = cos x, kalkuleta ameiacha kwenye digrii badala ya rediani, jibu linakuja karibu na 1 wakati ni 0.739, na mtoto anapiga mstari wa mwisho anafurahi.

Halafu hatua. Aandike fomula kwanza ndo aweke namba. Jibu likikosewa njia bado ina maksi zake, ila hakuna anayeweza kusahihisha kitu kilichobaki kichwani.

Binti Kyaka
Mimi nilivuka mpaka nikasomea Uganda, wakati wangu huko pepa ya kwanza ilikuwa pyua, ya pili aplaidi, kila moja seksheni A maswali nane ya maksi 5 na B ulikuwa unachagua matano ya maksi 12. Kwahiyo tulizoea kukimbia mapema. Jumamosi asubuhi pepa nzima, simu mbali, saa ukutani, na hakuna kuangalia majibu mpaka masaa matatu yaishe hata kama swali la pili limekukaba. Inachosha sana, na ndo raha yake, mwili unazoea.

Chaki Nyeupe
Past pepa peke yake haitoshi wakuu, hapo Ngosha nampinga kidogo. Kilichonisaidia mimi ni kuwafundisha watu wa PCB na CBG (wa bailojia) ile BAM yao, hesabu nyepesi ya wasiochukua advansi. Mtu wa bailojia anakuuliza "sasa kwanini unagawanya hapo?" unagundua na wewe ulikariri. Ilibidi nirudi kwenye fankisheni na difrensiesheni mwanzo kabisa.

Kibatari
Nimempigia sasa hivi, kumbe topiki za seksheni B hajachagua, anasema ataamua akiiona pepa 🤦🏾‍♂️ Achukue zipi?

Sista EGM
Aljebra ni pana mno, siriesi, indaksheni, matriksi, vyote humo, kuimaliza ni kazi. Kama integresheni inamkubali basi difrensho ikwesheni ni ya kwake maana nusu ya swali ni integresheni tu, kama haimkubali aachane nayo aende trigo.

Mwl wa Zamu
Aandae tatu, siyo mbili. Moja lazima itakuja imepinda. Na hizo koodineti za pili zenye elipsi na haipabola asiziogope kwa urefu wake, mchoro ukichorwa vizuri mengi yanaonekana pale pale. Mwambie aanze kuchora leo, kwa mkono, bila rula.