Tupeane uzoefu: nani amewahi kufuatilia jambo serikalini mpaka likafanyika?

Wa Rhonda, Nakuru: Jana nikipanga sanduku nimepata nakala ya barua yetu ya mtaro ya 2019, mhuri wa kupokelewa umefifia, mtaro hakuna. Wenye mlifaulu semeni mlifanyaje.

Mama Omena, Kisumu: Soko letu halikuwa na choo. 2018 tukapeleka barua tukaambiwa haiko kwa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na nani alituambia kuna mpango? Nikazunguka kibanda kwa kibanda na kaunta buku nikichukua sahihi, mimba ya miezi saba. Siku ya kuwasilisha tumefunga biashara, tunafika, mkutano umeahirishwa, karatasi imebandikwa asubuhi hiyo hiyo. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja tukabaki wanne. Kurudi sokoni nikabanwa, nikaenda haja nyuma ya magunia ya makaa mwenzangu amenikinga na leso, nikalia. Nilirudi kila mkutano mpaka choo kikaingia kwa mpango wa 2023 hadi 2027. Huyo mtoto alianza shule kabla kifunguliwe.

Nyar Nam: Woi. Hiyo ya magunia naijua.

Wa Kondele: Miaka yote hiyo kwa choo? Juni 2024 vijana walitoka barabarani kupinga mswada wa fedha wa kuongeza kodi, tarehe 26 rais akakataa kuusaini.

Mwalimu, Kakamega: Na Desemba akasaini marekebisho ya sheria za kodi, baadhi ya yale yale yakarudi. Mlikuwa mmeshaenda nyumbani.

Wa Kondele: Mwalimu, rafiki yangu alipigwa risasi ya mguu kwa hayo maandamano, hadi leo anachechemea. Usiniambie nilienda nyumbani.

Mwalimu, Kakamega: Pole sana kijana. Hilo nalirudisha.

Karani Mstaafu: Wa Rhonda, nendeni mapema. Mpango wa matumizi ya fedha wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Ukija Juni pesa imeshagawanywa.

Boda Lurambi: Wachana na karatasi, mshike MCA, mwakilishi wa wadi yenu, matangani, hapo hawezi toroka.

Karani Mstaafu: MCA anaweza kuondoka kila uchaguzi, karatasi inabaki. Tumia sheria ya kupata habari ya 2016, uliza kwa maandishi barua yenu iliishia wapi, wana siku 21 kujibu.

Wa Rhonda, Nakuru: Asanteni, naandika leo usiku. Mama Omena, ile kaunta buku bado unayo?

Mama Omena, Kisumu: Ninayo. Choo kiko lakini maji yanapotea wiki nzima, tumefungua ukurasa mpya, sahihi ni 41.