Ukuta wa Simba 2025/26: tumbakize Che Malone, tumlete De Reuck, au tujenge na Hamza na wazawa?

Msimbazi_Damu

Wakuu, salaam. Tangu dirisha la usajili la msimu wa 2025/26 lifunguliwe kila uzi humu ni straika, straika, straika. Leo naomba tukae na mabeki, maana roho inaniuma huko nyuma.

Tuhesabu pamoja. Kuanzia ile 5-1 ya Novemba 2023 hadi 2-0 ya tarehe 25 Juni 2025, tumekutana na Yanga mara tano na zote tumepoteza: 5-1, 2-1, 1-0 ya Ngao ya Jamii, 1-0 ya Oktoba, kisha hiyo 2-0. Mabao 11. Nimeyapitia moja moja. Matatu ni penalti, Pacome mara mbili na Aziz Ki mara moja. Jingine tulijifunga wenyewe kupitia Kijili, mechi ikiwa inaelekea sare. Kwa hiyo mabao manne kati ya 11 tumeyatengeneza sisi ndani ya boksi letu.

Sasa Che Malone, beki wetu wa kati, anatajwa kuondoka, mkataba wa nahodha wetu na beki wa kushoto Zimbwe umekwisha, na jina linalozunguka mjini ni Rushine De Reuck wa Mamelodi Sundowns. Mimi naona njia tatu.

Kumbakiza Che Malone. Ana nguvu, ana mbio za kumfuata winga hadi kwenye kibendera, na ameshajua ligi yetu tangu alipotoka Coton Sport mwaka 2023. Tatizo langu kwake ni moja tu: anapenda kutoka kwenye nafasi yake kuufuata mpira, na akikosea nyuma yake hakuna mtu.

Kumchukua De Reuck. Mzaliwa wa Cape Town, kapita Maritzburg United, Sundowns wakamsajili 2021, na ameichezea Bafana Bafana. Ana miaka 29, umri ambao beki wa kati anakuwa ameiva. Kocha Fadlu ni Msauzi mwenzake, na Hamza wetu alitoka SuperSport United, kwa hiyo wote watatu wamekulia au wamepita kwenye mpira ule ule wa kuanza nyuma kwa pasi.

Au kuwaamini Hamza na Chamou, hela tukanunue mzawa. Wilson Nangu wa JKT Tanzania mimi namkubali sana.

Kura yangu ni De Reuck pembeni ya Hamza. Hamza ametulia na mpira mguuni, anachokosa ni mkubwa wa kumsemesha. Karibuni.

MamaLunyasi

Kaka, nakuunga mkono kuhusu Hamza ila kwa De Reuck nina shaka. Sundowns wamebeba ligi ya kwao kila mwaka tangu 2018. Klabu ile haimwachii mtu anayewafaa. Walimtoa kwa mkopo akaenda Israel, Maccabi Petah Tikva. Mchezaji anayetolewa kwa mkopo akiwa na umri ule maana yake kuna wenzake wamempita.

Kingine ambacho hukukigusa ni nafasi za wachezaji wa kigeni. Ni 12 tu kwa klabu. Ukimpa beki mmoja, kuna kiungo au mshambuliaji unamkata. Nani aondoke? Tukianza kutaja majina humu tutagombana hadi asubuhi.

Jangwani_Kwetu

Habari zenu watani. Mimi ni Mwananchi, yaani mtu wa Yanga, nimeingia kwa heshima, sitaki vita.

Dada hapo juu amegusa penyewe. Angalieni ukuta wetu. Job tulimtoa Mtibwa Sugar, Mwamnyeto tulimtoa Coastal Union, Bacca tulimtoa KMKM kule Zanzibar. Wote watatu Watanzania, wote watatu mabeki wa kati. Ndiyo maana tulikuwa na nafasi ya kuwapanga Diarra, Yao, Boka, Aziz Ki, Pacome na Maxi bila kubanwa na hesabu ya wageni. Watu husifia mabao ya Pacome wakasahau kwamba Bacca ndiye aliyeifungua ile nafasi kwa kuwa mzawa.

Na Bacca alipofika Januari 2022 hakuwa huyu mnayemwona leo. Alikaa, akafundishwa, akasubiri zamu yake. Nyie mnataka beki atue Airport asubuhi, jioni acheze dabi.

Kitasa_Mstaafu

Vijana, mimi nimecheza namba tano, beki wa kati, madaraja ya chini huko Morogoro kwa miaka mingi, magoti yangu ni shahidi. Naomba mnisikilize kidogo.

Mnabishana jina badala ya kubishana kazi. Chukueni msimu wa 2020/21, hatua ya makundi Ligi ya Mabingwa. Kundi lina Al Ahly, AS Vita na El Merrikh. Mechi sita, tuliruhusu mabao mawili tu na tukamaliza vinara juu ya Al Ahly. Katikati walikuwa Pascal Wawa na Joash Onyango. Je, Wawa alikuwa na mbio? Hata kidogo. Alikuwa mtu mzima. Lakini mbele yao kulikuwa na Taddeo Lwanga, yule Mganda, kazi yake ilikuwa moja: mpira ukipotea, yeye anasimama kati ya adui na Wawa. Wawa alikuwa anapokea mshambuliaji ambaye ameshapunguzwa kasi.

Sasa nendeni kwenye ile 5-1. Mabeki wa kati walikuwa Inonga na Che Malone, vitasa viwili ambavyo timu yoyote hapa nchini ingevitamani. Mapumziko tulikuwa 1-1. Kipindi cha pili tukala manne. Mnafikiri Inonga alisahau mpira wakati wa chai? Miezi michache baadaye alikuwa na Kongo kwenye AFCON, wakafika nusu fainali. Beki ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kwa Kongo alikuwa na watu mbele yake, na siku ile kwetu Maxi alikuwa anamjia na mpira mguuni, uso kwa uso, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna beki duniani anayeshinda mashindano hayo mara zote.

Kwa hiyo mwanangu Msimbazi, mlete De Reuck, mlete nani, kama namba sita, kiungo mkabaji, anapanda kushangilia shambulizi na harudi, tutarudi humu mwakani tukiandika uzi huu huu.

Msimbazi_Damu

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na ile ya Lwanga sikuwa nimeipa uzito. Ila fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane je? Dakika 15 za kwanza kule Morocco tulishakula mbili. Hapo pia ni namba sita?

Kitasa_Mstaafu

Marahaba. Berkane ni jambo jingine, ile ni kuingia mchezoni umelala. Dakika kumi za mwanzo ugenini beki hachezi mpira. Anapiga mbele, anapiga nje, anachelewesha, anamuuliza mwamuzi maswali. Hiyo inahitaji mtu wa kupiga kelele. Usajili wa kelele ndio mgumu kuliko wote.

Kisumu_Ndogo

Salamu kutoka Kisumu ndugu zangu. Sisi watu wa Gor Mahia tuliwapa Onyango mwaka 2020, kwa hivyo nina haki ya kuchangia hapa.

Mzee amesema vizuri. Joash hapa kwetu tulimjua kama mtu wa kuongea. Ukiwa uwanjani unamsikia kutoka jukwaani, anamwambia kipa, anamwambia beki wa kushoto, anamwambia hata refa. Wengi walidhani ni hasira, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Alipoondoka kwenda Singida mlichukua watu wenye miguu mizuri kumzidi, lakini mdomo ule hamkuununua tena. Kuhusu huyu De Reuck swali langu ni hilo tu: anaongea? Anaongea lugha gani na Camara pale golini? Camara ni mtu wa Guinea, anatumia Kifaransa. Che Malone ni wa Kamerun, walikuwa wanaelewana bila shida. Msauzi na Mguinea wataelewana kwa ishara dakika ya 89?

MamaLunyasi

Hili la lugha sijawahi kuliona likijadiliwa na ni la msingi kabisa. Asante jirani.

Mzenji

Nilikuwepo uwanja wa Amaan, Zanzibar, ile tarehe 25 Mei, marudiano ya fainali na Berkane. Nataka niseme nilichokiona kwa macho yangu, si cha kwenye runinga.

Mutale alipofunga mapema uwanja mzima ulisimama. Tulikuwa tunahitaji bao moja zaidi tufute lile deni la Berkane. Kipindi cha pili kilipoanza tu Kagoma akapewa nyekundu. Hapo ndipo nilipomtazama Zimbwe. Aliwaita mabeki wenzake watatu, akawaonesha kwa mkono wapi pa kusimama, akamwonesha kiungo aliyebaki ashuke. Ilikuwa sekunde chache. Baada ya hapo watu kumi wakacheza kama kumi na moja. Mukwala akatia wavuni, VAR ikalikataa, bado watu hawakukata tamaa. Bao la kusawazisha lilikuja dakika za nyongeza, wakati timu nzima ilikuwa mbele inatafuta la pili, na hilo silihesabu kwa mabeki.

Sasa nawasoma humu mnalinganisha Che Malone na De Reuck na Nangu, na hakuna hata mmoja aliyelilia Zimbwe. Amekuja kutoka Kagera Sugar 2014. Miaka 11! Tunaongelea nani acheze katikati ya ukuta na huku anayeupanga ukuta anatoka mlangoni, na tetesi zinasema anaelekea Jangwani kwa Yanga. Mimi nikipewa hela ya usajili wa beki, kalamu ya kwanza ni ya kumbakiza yeye. De Reuck baadaye.

Jangwani_Kwetu

Mzenji, kwa hilo la Zimbwe mimi nanyamaza. Akija tutampokea kwa mikono miwili, na mtajua mlichokiacha.

Msimbazi_Damu

Mzenji, umenigusa pabaya. Zimbwe nilimweka kwenye sentensi moja kama vile ni jambo la karatasi. Nakiri nilikosea.

Lakini naomba nitetee De Reuck kwa hoja mpya, maana nimewasikia wote. Kwanza la mkopo: Sundowns ni timu yenye mabeki wa timu ya taifa wanaokaa benchi. Kutolewa pale si sawa na kutolewa timu ya kawaida. Hamza mwenyewe alikuja kutoka SuperSport bila kelele, na leo ndiye beki mzawa wetu namba moja.

Pili, mfano wa Yanga ni wa kweli na unaniuma, ila Job, Mwamnyeto na Bacca walipatikana kati ya 2020 na 2022. Ule ukuta umejengwa miaka mitano. Sisi tumepoteza ubingwa misimu minne mfululizo, baada ya kuuchukua minne mfululizo. Kungoja Nangu aive peke yake bila mkubwa pembeni ni kumtoa kafara kijana. Ndiyo maana nasema mchukueni Nangu NA De Reuck, kijana ajifunze kwa mwaka mmoja, halafu nafasi ya mgeni irudi kwa mshambuliaji. Hata sisi kwenye matatu ya mwisho ya makombe yale manne, Erasto Nyoni alikuwa pale na Wawa. Mzawa na mgeni, bega kwa bega.

Tatu, la lugha sina jibu. Kisumu, hilo umenishinda.

MamaLunyasi

Hapo kwenye Nangu pamoja na De Reuck nimeanza kulainika. Ila Che Malone akiondoka na De Reuck akija ni mgeni kwa mgeni, hesabu haiumi. Che Malone akibaki na De Reuck akaja ndipo kuna mtu wa mbele analia. Kwa hiyo tusiseme tunalinganisha watatu. Wageni ni wawili, nafasi ni moja, na mzawa anaingia vyovyote vile.

Kati ya hao wawili, mimi namchukua Che Malone bado. Sababu yangu ni mechi mbili za Stellenbosch. Nusu fainali ya Shirikisho, dakika 180, hatukuruhusu bao, moja Zanzibar na moja Durban. Ukuta uliotufikisha fainali ya Afrika siuvunji kwa sababu ya jina la Sundowns.

Kitasa_Mstaafu

Binti, hoja yako ni nzito kuliko ya wengi humu. Nina la kuongeza moja tu. Ile sare ya 2-2 na Azam Februari mnaikumbuka? Tunaongoza, dakika zimebaki chache, kijana Sereri anasawazisha. Ubingwa hatukuupoteza kwa Yanga peke yao. Pointi zilivuja siku kama ile, timu ikiwa mbele na hakuna anayesema "tulieni."

Kwa hiyo mimi simpigii kura Che Malone wala De Reuck kwa mbio wala kwa pasi. Nipeni video ya dakika kumi za mwisho timu yake ikiwa inaongoza bao moja. Nitazame mikono yake. Kama inaelekeza watu, mleteni kesho. Kama iko kiunoni, mwacheni huko huko.

Kisumu_Ndogo

Mzee, hiyo ya mikono naiweka akilini. Joash yake haikuwahi kufika kiunoni.

Mzenji

Nimetoka kuipitia tena mechi ya Amaan kwenye simu. Kabla ya nyekundu ya Kagoma mikono ya Hamza iko chini. Baada ya Zimbwe kuwapanga, na yeye Hamza akaanza kumwelekeza aliye pembeni yake. Alijifunza pale pale. Msimu ujao nani ataanza?