Mrejesho: lile "faithfully" la mteja wa mlango, Lamu

Asalaam aleikum. Niliwauliza juu ya mteja wa Uingereza anayetaka mlango wa nakshi kama ule wa nyumba kongwe ya mtaani kwetu. Aliandika tuunakili "faithfully". Kamusi ikasema "kwa uaminifu", na wenzangu karakanani wakashikilia kwamba anatuonya tusimle pesa.

Mliosema kwamba kwenye kunakili au kutafsiri neno hilo ni kufuata asili ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, mlipatia. Nimemwuliza mwenyewe: anataka maua yale yale ya kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, hata lile lililopinda upande. Nami mkono uliniwasha kulinyoosha! Mbao kaniachia nichague, atapata mbambakofi.

Kuhusu kufunga barua: Waingereza huandika "Yours faithfully" wakianza na "Dear Sir or Madam", na "Yours sincerely" wakimtaja mtu kwa jina. Wamarekani hawajisumbui sana na tofauti hiyo, wengi humaliza na "Sincerely" tu. Mama huyu namwita kwa jina, kwa hiyo bei nimempelekea na "sincerely".

Kaka uliyenishauri nimalizie barua na "loyally", ahsante, lakini hilo naona ni la askari kwa mfalme wake, au shabiki anayeifuata timu hata ikifungwa kila wiki. Fundi na mteja hawajafika huko, hasa kabla ya malipo ya kwanza. Yameingia jana, tunaanza na fremu.