Chelezo cha Hombolo kimehama

Yohana: Mbukwenyi nyote. Niko bwawani Hombolo. Upepo wa usiku umehamisha chelezo cha mashine ya kuvuta maji, nimekikuta kwenye matete upande wa pili. Mpira wa kunyonyea umechomoka. Nyanya jana hazikunywa, na leo sioni namna.

Shangazi Tabitha: Mungu wangu! Mashine imeingia maji?

Yohana: Hapana Shangazi, imelala ubavu tu. Mapipa yote manne yameshika vizuri. Ni nanga ndiyo imeburuzwa.

Baba Mdogo Elia: Nanga yenyewe ni kitu gani? Kamba ina urefu gani, na kina hapo?

Yohana: Shikamoo Baba Mdogo. Ni ndoo ya lita 20 tuliyojaza zege. Kamba mita 4. Kina nilipima kwa mti, mita 3.

Baba Mdogo Elia: Marahaba mwanangu. Pole sana. Miaka ile navua perege Mtera nilipoteza nyavu kwa kosa hilihili, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ndoo hiyo nchi kavu ina kama kilo 48. Ikishazama, maji yanaibebea kilo 20, kwa sababu ndiyo nafasi ya lita 20 iliyochukua. Huko chini zimebaki kilo 28, haipiti sana ndoo ya maji anayojitwika Neema kila asubuhi. Uitegemee ishike mapipa manne na mashine kwenye upepo wa Dodoma?

Baba Mdogo Elia: Lakini kamba ndiyo imewaponza zaidi. Mita 4 kwenye kina cha mita 3, imesimama mno, hailali. Kila wimbi likiinua chelezo linainyanyua na nanga. Kamba ndefu inalala, upepo unaivuta nanga kwa ubavu, nayo inajichimbia kwenye tope. Chukua kina cha wakati bwawa limejaa, zidisha kwa tatu.

Yohana: Likijaa hapo yanapanda mita 2 zaidi, alama iko kwenye jiwe.

Baba Mdogo Elia: Basi mita 15. Na nanga ziwe mbili, la sivyo kitazunguka na kung'oa mpira tena. Ndoo tatu za zege zilizounganishwa ziende mashariki unakotoka upepo, hiyo moja magharibi. Fundo lifungwe juu ya chelezo: maji yakipungua unavuta, yakijaa unaachia.

Yohana: Kamba ya bluu inafaa? Ipo nyumbani.

Baba Mdogo Elia: Acha. Inaelea, mitumbwi itaikamata, na jua linaila haraka. Nunua ya nailoni. Chini kabisa weka mita 2 za mnyororo. Pale kamba inaposugua mbao, ivalishe kipande cha mpira wa maji.

Neema: Baba Mdogo, kikishakaa imara tukija likizo tunaweza kuogelea kutoka pale?

Dada Rehema: Neema mdogo wangu, hapana. Hombolo kuna kichocho. Konokono wanaachia vijidudu majini, hasa jua la mchana, na vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Kila wiki zahanati napokea watoto wanaokojoa damu. Yohana, na wewe fanyia kazi kwenye mtumbwi, usishuke majini.

Yohana: Dada, leo nimeshashuka mpaka kiunoni.

Dada Rehema: Basi njoo upime baada ya wiki sita, weka tarehe. Ukimeza dawa leo haisaidii, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki.

Shangazi Tabitha: Nitamkumbusha mimi.

Baba Mdogo Elia: Kushusha nanga: msizirushe kutoka kwenye mtumbwi, utapinduka. Zining'inize chini ya chelezo kwa kamba nyembamba, kikokoteni mpaka mahali pake, kisha kata. Na mtu asisimame ndani ya mzunguko wa kamba.

*Jumamosi*

Yohana: Shikamooni. Tumeshusha juzi. Usiku wa kuamkia leo upepo umevuma mpaka mabati ya jirani yakawa yanapiga. Nimefika saa 12, chelezo kipo palepale, kamba ya mashariki imekaza mpaka inatoa matone. Mashine inavuta, maji yameshafika mstari wa tatu wa nyanya.

Baba Mdogo Elia: Ahsante Mungu. Legeza ile ya magharibi kidogo.

Yohana: Nalegeza sasa hivi, niko kwenye mtumbwi.