Kuwinda kanga kwa mbwa na baiskeli, nani ana uzoefu?

Msukuma_wa_Misungwi: Wakuu, mbwa wangu wa kienyeji ana pua kali ila nikimfunga kwenye baiskeli anakatiza mbele ya tairi, juzi tumelala wote kwenye shamba la pamba, kanga hao wakaishia zao. Mnafanyaje?

Ngosha77: Pole ngosha 😂 mfungue akimbie nyuma. Na kanga anapenda kukimbia kuliko kuruka, baiskeli iache mbali, mnyororo ukilia tu kwisha habari. Kibali unacho? Uliza maliasili kama mbwa wanaruhusiwa.

Mama_Samaki: Shemeji yuko Marekani, anasema majimbo mengine msimu wa vuli mbwa anatawanya kundi la bata mzinga wa porini, halafu unajificha unawaita kwa filimbi wanaporudi kutafutana.

Msukuma_wa_Misungwi: Kibali cha ndege ninacho, hilo la mbwa kesho naenda kuuliza. Hiyo ya filimbi sasa, huyu wangu atakaa kimya kweli?